Dakika Kumi na Moja za Bluu

Mpendwa Mama Perpétue, naomba msaada wako, na kama utaisoma barua hii redioni naomba uliruke jina langu, ingawa watu wa umri wangu waliokulia Birere watanijua kabla hujafika mstari wa tano, kwa sababu hapa Goma tulikuwa wawili tu wenye kazi ile na mwenzangu sasa ni pasta.

Mimi nilikuwa interprète wa filme. Vijana wa leo hawajui hiyo ni kazi gani. Tulikuwa na Salle Mwangaza, ukumbi wa mbao zilizowekwa juu ya mawe ya volkano, mabati juu, jenereta nyuma ya ukuta, na televiziyo moja ya inchi ishirini na moja mbele ya watu mia moja na ishirini, na mimi pembeni kwenye kiti kirefu na mikrofone, filme inasema Kiingereza chake, mimi nasema Kiswahili chetu. Kiingereza nilijifunza mwenyewe, kwenye makaratasi ya dawa na vile vitabu vidogo vinavyokuja na redio, kwa hiyo mutu akisema habari za homa au za betri nilikuwa sahihi kabisa, na kwa mengine nilikuwa naangalia nyuso. Mvua ikipiga mabati, nilikuwa napiga kelele kuishinda, na watu wakasema siku za mvua ndipo filme zilikuwa na nguvu.

Mwenye salle alikuwa muzee Sibomana, mutu wa Masisi aliyeuza ng'ombe ili anunue mashini ya kaseti, na ndugu zake wakadhani amerogwa. Kaseti alikuwa anazifuata mwenyewe Kampala, na alikuwa na tabia moja iliyowachosha wauzaji wa kule: hatoi hata shilingi kabla ya kuangalia kaseti nzima pale dukani, mpaka yale majina ya mwisho yapite, kwa sababu siku moja walimuuzia filme ya vita ambayo katikati iligeuka kuwa mahubiri.

Mwaka wa elfu mbili alirudi na kaseti isiyo na jalada, filme ya mambo ya anga, ya ndugu wawili wanaofanya kazi kwenye mwezi mwekundu. Majina yao sikuyashika, ni majina ya kumezwa, basi nikamwita mkubwa Mumbere na mdogo Kambere, kama Wanande wanavyopanga watoto wao wa kiume, na watu wa Butembo wa benchi la tatu wakafurahi sana, mmoja akaniuliza baadaye huyo Mumbere ni wa ukoo gani. Kisa chenyewe ni hiki: dhoruba inakuja, ndege ya kuondoka ni moja, mlango unajifunga kabla Kambere hajafika, na ndege inaruka Kambere akiwa nje anaangalia juu.

Sasa ndipo kosa langu, Mama, na tangu siku ile nimelisema kwa mke wangu Victoire peke yake. Muzee alinipa kaseti siku ya Alhamisi niende nayo nyumbani nijitayarishe, na mashini akanipa pamoja. Niliiangalia mara moja, nikaijua. Jumamosi kulikuwa na mechi ya Kombe la Afrika, nami nilitaka kuihifadhi, kaseti tupu sikuwa nayo, nikajiambia hii ya muzee mwishoni mwake kutakuwa na nafasi baada ya majina. Kile kidirisha cha nyuma ambacho kikivunjwa kaseti haiandikiki tena, nikakiziba na skochi, ule utepe wa gundi, nikabonyeza. Kaseti haikuwa imefika mwisho. Mpaka nashtuka na kuzima nilikuwa nimekula dakika kumi na moja za filme, na mechi yenyewe haikuingia, kwa sababu antena siku ile haikushika kitu. Iliingia bluu. Dakika kumi na moja za bluu tupu, bila hata sauti.

Jumapili saa nane mchana salle imejaa, na mimi nakijua kinachokuja kama mutu anayejua daraja limevunjika na yeye ndiye dereva. Dhoruba ikaja, mlango ukaanza kujifunga, kisha bluu. Muzee Sibomana aliyekuwa kwenye kiti chake karibu na mashini akasimama, akaangalia televiziyo, akaniangalia mimi, nami nikawa tayari nasema, kwa sauti ya mutu asiyeshangaa kitu, kwamba hapa filme imeingia gizani mwa anga ambako macho hayaoni, tusikilize. Muzee akarudi kukaa. Nikaendelea. Ndege inaruka, Kambere amebaki. Lakini Mama, dakika kumi na moja ni nyingi. Ndege kuondoka kunakula dakika mbili. Nikabaki na tisa, na watu mia moja na ishirini kimya, na bluu inawaka kwenye nyuso zao. Nikamrudisha Mumbere. Nikamfanya ageuze ndege, wenzake wakamkataza, akawaambia bila mdogo wangu sifiki kwa mama, akashuka kwenye dhoruba na kamba kiunoni, akamtafuta kwa kumwita jina, akamkuta amekaa juu ya jiwe, na Kambere akamwambia, "Nilijua utachelewa tu." Nikamaliza, bluu ikamalizika, majina yakapita. Watu hawakupiga makofi. Walitoka polepole kama watu wanaotoka misa.

Filme hiyo tuliionyesha Jumapili nyingi kuliko zote. Watu walikuwa wanaileta familia. Benchi la mbele walijifunza yale maneno, bluu ikiingia wanasema pamoja nami kwa sauti ya chini. Na hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini ni bluu. Walisema wazungu wamefika mbali.

Jumapili ya tatu muzee Sibomana hakuonekana. Tukasikia amechukua barabara ya kaskazini, na barabara ya wakati ule wa vita unaijua, amepita Kalengera na kuendelea mpaka Vitshumbi, kumtafuta mdogo wake Laurent, ambaye miaka minne kabla walikuwa wamegombana juu ya malisho ya baba yao, na muzee akamfungia lango mvua ikinyesha, Laurent akaenda kuwa mvuvi huko. Alhamisi alirudi naye, pamoja na kapu la samaki wa chumvi. Laurent akawa mutu wa mlango pale salle, anakata tiketi, mutu wa maneno machache. Na kila tukionyesha ile filme, bluu ikifika, aliacha mlango wazi bila mlinzi akaja kusimama nyuma ya kaka yake.

Volkano ya elfu mbili na mbili ilichukua salle na mabenchi. Televiziyo tuliiokoa, kaseti ilibaki chini ya mawe mpaka leo, nami, Mungu anisamehe, katika huzuni ile yote kuna sehemu yangu moja iliyopumua. Laurent alifariki mwaka wa elfu mbili na tisa, nyumbani kwa kaka yake Ndosho, kitandani, katikati ya watu. Kwenye matanga muzee alisimama akasema mbele ya wote, "Kama haikuwa ile filme, huyu angefia Vitshumbi, na mimi ningebaki na lango langu." Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, Mama. Nilikiweka chini.

Ningekufa na hiyo siri bila shida, lakini sasa imetoka filme ya pili. Miaka ishirini na tano baadaye hao watu wamekumbuka kwamba kisa hakijakwisha. Na inaanza wapi? Inaanza pale pale: ndege inaruka, Kambere yuko nje, na hakuna anayerudi. Katikati tunaonyeshwa kwamba mkubwa wa kundi la ndege zinazokuja kuichoma dunia ndiye Kambere, amezeeka, hana huruma, kwa sababu alisubiri na hakuna aliyekuja. Na karibu na mwisho wanageuza tena, wanarudisha picha ya mlango, na tunaona haukujifunga wenyewe. Ni mkono wa Mumbere uliobonyeza kitufe.

Tuna groupe ya WhatsApp ya watu wa salle ile, inaitwa Wazee wa Benchi, maana sasa tumetawanyika, wengine Butembo, wengine Beni, wengine ng'ambo. Tangu mwezi jana haina amani. Kaswera, anayeuza vitenge Butembo, aliandika kwamba hiyo ya pili imetungwa na watu ambao hawakuona ya kwanza, kwamba yeye alimuona Mumbere anashuka na kamba, kamba nyeupe, kwa macho yake. Kamba nyeupe, Mama. Mimi rangi sikuitaja. Bienvenu, aliye Kampala, akajibu kwamba ameitafuta ya kwanza ameipata nzima, na hakuna mutu aliyerudi, ndege inaondoka, majina yanapita. Kaswera akamwambia filme za Kampala zote zimekatwa, na yeye mwenyewe amekatwa. Wengine wakasema ya pili ni nzuri kuliko ya kwanza kwa sababu ina akili, wengine wakajitoa kwenye groupe, mmoja akajitoa na kurudi mara tatu ili watu waone amejitoa. Mimi naandika tu, "Amani, ndugu zangu."

Na Prodige, kijana mwenye salle ya kisasa huku Ndosho, televiziyo pana kama kitanda, amepanga kuionyesha hiyo ya pili Jumapili ijayo mchana, mahsusi kwa wazee, na mimi nikiwa kwenye mikrofone kama zamani. Vijana wake walishaiona, wanapiga makofi pale pa kitufe. Nilitaka kusema koo linaniuma. Lakini muzee Sibomana aliniita kwake. Sasa ana miaka themanini na kitu, anatembea na fimbo mbili. Aliniambia, "Interprète, ni wewe utatufasiria. Usipunguze kitu. Na ule mwisho, uufanye vile unajuaka." Hakucheka. Nimelizungusha neno hilo siku tisa kichwani, na naona ameanza kunishuku, anataka kunikamata mbele ya watu.

Nikifasiri kweli, muzee ataona kwamba kilichompeleka Vitshumbi kilikuwa uongo wa mutu aliyetaka mechi. Nikibadilisha tena, Bienvenu ataniumbua kabla sijashuka kwenye kiti. Victoire anasema niseme tu yaishe, lakini yeye hakuwepo kwenye matanga. Nishauri, Mama. Nifasiri filme gani?

Interprète wa zamani,
Ndosho

Papa Interprète,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili nikiwa na kalamu. Kwa kucheka nakushukuru, tulikuwa na haja nako. Sasa kaa vizuri.

Kwanza la kaseti. Ulipewa kitu cha mutu kwa imani, ukaziba kidirisha kwa skochi. Kidirisha kile kiliwekwa kwa ajili ya watu kama wewe. Ulikosa, ukaficha, na volkano ilipofunika ushahidi ukapumua, wakati jirani zako wanatafuta mahali pa kulala. Hilo la kupumua ndilo lililonikera zaidi, na nadhani hata wewe linakukera, ndiyo maana umeliandika bila kuulizwa.

La pili, hiyo filme. Watoto wa dada yangu walinionyesha kwenye telefone. Sehemu ya kwanza nilisinzia, ndege ni nyingi mno na zote zinafanana. Lakini pale pa mkono kwenye kitufe niliamka. Wewe unadhani Wazee wa Benchi wanagombana juu ya sinema. Vijana wanapiga makofi pale kwa sababu hawajawahi kumfungia mutu mlango. Sisi wengine tunatafuta viatu tuondoke. Mimi nina dada Bukavu ambaye hatukusemeshana miaka sita, na sitakuambia nani alifunga, lakini nilizima telefone nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Na sasa muzee wako. Papa, wewe umekaa miaka yako yote unasoma nyuso za wazungu usiowasikia, na uso mmoja wa mutu wa Masisi, unayemsikia vizuri, umekushinda. Umeandika mwenyewe, kwa mkono wako, kwamba muzee Sibomana hanunui kaseti kabla ya kuiangalia mpaka majina ya mwisho yapite. Ukaandika hapo hapo kwamba hii aliinunua Kampala. Sasa niambie, pale dukani aliangalia nini? Aliiangalia ndege inaondoka, Papa. Alimuona Kambere anabaki. Aliijua filme ile kabla yako. Jumapili ile bluu ilipoingia akasimama, akaangalia televiziyo, akakuangalia wewe, na wewe umelala miaka ishirini na tano ukiamini kwamba ulimdanganya. Mutu yule alijua kaseti yake imeharibika, alijua nani aliiharibu, na angeweza kuzima jenereta na kukufukuza mbele ya wote. Akarudi kukaa. Alitaka kusikia utamfanya nini huyo Mumbere.

Mimi sikuwepo, nasoma tu ulichoandika. Lakini ile yenye kamba, aliyeitunga ni wewe, na yeye alijua ni wewe. Wazungu wangeachiwa filme yao, Laurent angebaki kwenye mtumbwi. Na Laurent mwenyewe, aliyekuwa anaacha mlango kila Jumapili aje kusimama nyuma ya kaka yake, unadhani hakuwahi kuambiwa? Walikaa nyumba moja miaka tisa.

Kwa hiyo usiniambie tena habari za kukamatwa. Alikwambia, "Vile unajuaka." Umelizungusha siku tisa ukitafuta mtego, na maana yake, kama ulivyozoea, ilikuwa imekaa juu kabisa. Na aliposema usipunguze kitu, alimaanisha hata pale pa mkono. Ana fimbo mbili na miaka themanini, anataka kulisikia lile la lango likisemwa kwa Kiswahili, wazi, akiwa amekaa na watu wake. Usimnyime kwa kujidai unamlinda.

Basi utafanya hivi, na ufanye kwa mpangilio huu. Kabla ya Jumapili, nenda kwa muzee mchana, umbebee karanga za kuchoma kama zile zinazouzwa kwenye milango ya salle, na Victoire aende na wewe ili usikimbie. Umwambie sentensi moja: "Muzee, mimi ndiye niliyefuta kaseti yako." Usieleze mechi, usieleze antena. Halafu unyamaze, na kunyamaza najua kutakuwa kazi ngumu kwa mutu wa mikrofone. Yeye atakujibu anavyotaka. Akikukasirikia, ni haki yake, imechelewa tu. Akicheka, usicheke kabla yake.

Kwenye groupe mwandikie Bienvenu, mbele ya wote, kwamba alisema kweli na umemwacha atukanwe mwezi mzima ukiandika amani. Kaswera atakununia wiki mbili, kisha atasema alijua tangu zamani. Muache aseme. Na ile kamba nyeupe usimnyang'anye, mutu amekaa nayo muda wote huo.

Jumapili panda kwenye kiti chako, fasiri filme ya wenyewe mpaka mwisho, neno kwa neno pale unapolijua, na usipolijua sema hulijui. Pale pa kitufe usiharakishe. Majina yakianza kupita, mwombe Prodige aache televiziyo iwake bila picha. Za siku hizi nazo bado zinatoa bluu, nimejaribu ya kwangu. Uwaambie watu filme imekwisha hapo, kinachofuata ni chako, asiyekitaka aende nyumbani mapema. Sidhani kama watatoka wengi.

Sijui utamfanya nini huyo Kambere aliyezeeka na ndege zake za moto. Lakini kaka yake amechelewa sana, na kuna muzee mwenye fimbo mbili benchi la mbele anayejua safari hiyo inaanzaje. Mumbere akishuka, mfanye aseme kwanza kuhusu mlango, kabla ya kamba. Dakika kumi na moja zinatosha. Usizidishe.

Mama Perpétue